Mnara, ndege au mkeka: tuwaenzi vipi askari wetu wastaafu wa kusini?

Kila ukikaribia mwezi wa saba napigiwa simu ya aina moja. Safari hii alikuwa mwalimu mwenzangu wa Masasi. Klabu yao ya historia ina fedha kidogo, ina wazee sita waliowahi kuvaa magwanda, na ina wanafunzi wanaochanganya Vita vya Kagera na Vita vya Majimaji. "Mwalimu, nishauri. Tuwapeleke mnarani, tuwatafutie ndege, au tuwakalishe tu wazee waongee?"

Hapo kwenye ndege nilicheka, lakini mwenzangu hakuwa anatania. Alikuwa ameona kwenye simu yake video za makumbusho ya ndege za Uingereza na Marekani: mzee aliyepigana vita amesimama chini ya bawa, watoto wamemzunguka, anaulizwa na anajibu. Akataka kitu kama hicho Masasi. Swali lake ni zuri, na kwa kuwa mimi nimeshajaribu mbili kati ya hizo njia hapa Mtwara, na ya tatu nimeijaribu kwa namna yetu ya kuungaunga, nimeona niandike ninavyozilinganisha, asaidike na mwingine.

Kwanza tukubaliane tunamwenzi nani. Kwetu neno "shujaa" tumempa marehemu. Ukisema Siku ya Mashujaa, watu wanaona makaburi, mnara na majina. Aliyerudi mzima anaitwa mstaafu, na mstaafu anaweza kuwa hata karani wa posta. Wamarekani wamegawa siku mbili: Jumatatu ya mwisho ya Mei ni ya waliofia vitani, na tarehe 11 Novemba ni ya wote waliolitumikia jeshi, walio hai wakiwemo. Sisi tuna 25 Julai, na mzee aliye hai anaingia humo kama mgeni kwenye msiba wa wenzake. Mimi nazipima njia zote tatu kwa jambo hilo kwanza: mzee aliye hai anapata kusema, au anapambwa tu?

Mnara

Kwa watu wa Mtwara mnara maana yake Naliendele, kama kilomita 10 kutoka mjini. Wengine wanaijua Naliendele kwa utafiti wa korosho tu, hawajui kwamba hapohapo wamezikwa askari wa JWTZ waliopoteza maisha Msumbiji, jeshi letu lilipokwenda kuisaidia serikali ya Frelimo dhidi ya waasi wa Renamo kati ya 1986 na 1988. Huhitaji kumweleza mtoto maneno mengi pale. Makaburi yamepangwa mstari kama gwaride, na mwanafunzi mtundu kuliko wote anashusha sauti mwenyewe.

Sherehe yenyewe ina uzito ambao klabu ya shule haiwezi kuutengeneza. Kitaifa kila anayekwenda mnarani ana chake cha kuweka: Rais mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa Tanzania Legion, chama cha askari wa zamani, anaweka shoka. Nawaambia wanafunzi wangu waliangalie hilo shoka vizuri, maana ndiyo dakika pekee ya asubuhi nzima ambayo mpiganaji wa zamani ana kazi ya kufanya.

Na hapo ndipo ninapoupunguzia mnara alama. Mjomba wangu alipiga pasi suruali yake usiku, akatoka kabla ya jua, akakaa chini ya turubai kwa muda wa saa tatu nzima. Nilipomuuliza jioni alifanya nini, alinijibu, "Nilisimama, nikakaa, nikasimama." Hakuna aliyemkosea. Sherehe ni ya marehemu na itifaki yake imeshapangwa, huwezi kuomba kipaza sauti umpe mzee wa Newala asimulie alivyovuka Ruvuma.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa mjini halifikirii. Mwishoni mwa Julai huku kwetu ni wakati wa salfa. Wazee wako mashambani na mashine za kupulizia mikorosho, na mkorosho haumsubiri mtu. Mwaka mmoja tuliwaalika wazee tisa, wakaja wanne, na mmoja alikuja na unga wa njano bado kwenye kola. Gharama ni ndogo lakini: nauli, maji ya kunywa, mwamvuli. Kama huna fedha kabisa na unataka watoto waguswe, nenda mnarani.

Ndege

Hii ndiyo aliyoitamani mwenzangu, na sitaidharau, kwa sababu wenzetu wameifanyia kazi miaka mingi. Duxford, kule Cambridgeshire, ulikuwa uwanja wa jeshi la anga la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, leo ni makumbusho, na mwaka 1997 ukafunguliwa ukumbi mzima wa ndege za Kimarekani. Huko Virginia, jirani na uwanja wa Dulles, makumbusho ya Smithsonian yalifungua mwaka 2003 jengo la Udvar-Hazy ambalo ndege zake zimening'inia juu ya vichwa vya watu kama popo, na lina ukuta wa majina ya heshima ya watu wa anga. Siri ya mahali kama hapo ni kwamba kitu kinatangulia, maneno yanafuata. Mtoto ambaye humwambii neno juu ya vita akasikiliza, akiona tairi la ndege linalompita urefu, anauliza mwenyewe. Mzee naye hahitaji kuanza na "nilizaliwa mwaka". Anaonyesha kidole tu: pale ndipo nilipokuwa nakaa.

Sisi ndege hatuna. Uwanja wa Mtwara una abiria na ulinzi, si mahali pa darasa la pili kupapasa mabawa. Lakini habari za ndege tunazo, tena za hapa hapa, na ukizitumia vizuri unapata nusu ya faida ya Duxford bila chuma chenyewe.

Ya kwanza ni ya Rufiji, kaskazini kidogo ya Kilwa, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar Septemba 1914, ilijificha kwenye delta, ndani ya mikoko. Waingereza walileta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, lakini mizinga ilikuwa inapiga kitu isichokiona. Ndege zikaruka kutoka Mafia kuwaelekeza wapigaji: ongeza, punguza, kulia. Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mwangalizi wake Arnold walipigwa, injini ikafa, na ndege ikiwa inashuka Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha hadi wakaangukia mtoni. Königsberg haikutoka tena.

Ya pili wanafunzi wangu waliipenda zaidi. Novemba 1917 Wajerumani walirusha puto kubwa la chuma na kitambaa, L59, kutoka Jamboli huko Bulgaria, likiwa na tani kama 15 za shehena ya kumpelekea Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku Afrika Mashariki, ambaye wakati huo alikuwa amesukumwa hadi kusini hii yetu. Halikukusudiwa kurudi. Likishatua lingechanwa, kitambaa chake kishonwe mahema na vyuma vyake vitumike. Likafika juu ya Sudan likaitwa kwa redio lirudi, likarudi, saa 95 angani, karibu kilomita 6,800 bila kugusa ardhi. Tarehe 25 mwezi huohuo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji.

L59 lilikuwa na urefu wa mita 226 na nusu. Tulichukua kamba ya katani, tukaanza kupima kwenye lango la shule. Pua ya puto ikiwa langoni, tulipita madarasa, tukapita uwanja wa netiboli, tukapita vyoo, na mkia ukaishia ng'ambo ya barabara kwa mama muuza mihogo. Mama akatuuliza tunapima kiwanja cha nani. Watoto wale, nina hakika, hawatausahau mwaka 1917, na zoezi zima lilitugharimu kamba na mihogo ya kuombea radhi.

Kwa kuvuta watoto, basi, ndege inaushinda mnara na inaushinda mkeka. Kwa kuwaenzi wazee wetu, inashindwa, na inashindwa vibaya.

Tazama habari ya Rufiji. Tunawajua Cull na Arnold kwa majina. Lakini vita vile kwa sehemu kubwa vilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, na walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara. Kumbukumbu yao kubwa Dar es Salaam ni jina la soko, Kariakoo, yaani "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi, na wanunuzi wengi hawajui limetoka wapi. Pale Mahiwa, jirani na Nyangao mkoani Lindi, kati ya 15 na 18 Oktoba 1917 yalipiganwa mapigano yaliyokuwa miongoni mwa yaliyomwaga damu nyingi zaidi katika vita vile, na sehemu kubwa ya waliouana walikuwa weusi kwa weusi: Wanijeria na askari wa Keya (King's African Rifles) upande wa Mwingereza, askari wetu wengine upande wa Mjerumani. Ukiweka ndege katikati ya ukumbi, rubani anakuwa mwenye shughuli na hao wote wanakuwa wapishi.

Na wazee walio hai leo? Karibu wote walikuwa wa miguu. Mzee mmoja wa kando ya Ruvuma, ambaye kijiji chake kilikuwa njia ya wapiganaji wa Frelimo walipopigana na wakoloni wa Kireno, aliniambia ndege kwake ni sauti ya Mreno. Ilikuwa ikisikika, mama zao wanamwaga maji motoni ili moshi usionekane, wanakimbilia chini ya mikorosho. Baadaye akajiunga na jeshi, lakini sauti ile haikumtoka. Mzee kama huyo kumsimamisha chini ya bawa apigwe picha ni sawa na kumpa aliyeumwa na nyoka amshike nyoka huku anatabasamu. Duxford inamfaa mzee aliyeendesha ndege. Wangu hakuendesha, alijificha.

Mkeka

Njia ya tatu haina jina kubwa. Ni mkeka, viti vya plastiki kwa wenye magoti mabovu, birika la chai, na simu moja inayorekodi. Nayo wenzetu wanaifanya, tena kwa utaratibu: Maktaba ya Bunge la Marekani ilianzishiwa mwaka 2000 mradi wa kukusanya simulizi za waliopigana, zikisemwa na wenyewe, na sharti lao mojawapo ni kwamba mazungumzo yasipungue dakika 30. Hilo sharti nimelichukua lilivyo. Dakika kumi za kwanza mzee anakupa hotuba, anakupa sababu, nia na uwezo wa Mwalimu Nyerere, kila kitu alichokisikia redioni mwaka 1978. Baada ya dakika 20 hotuba inamwishia, na hapo ndipo anaanza kusema yake.

Kikao chetu cha kwanza kilikuwa Mikindani, uani kwa mjomba wangu. Huku kwetu mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo alipokubali yeye, wazee wengine wanne walikuja bila kubembelezwa. Kijana wa kidato cha kwanza aliinua mkono kabla hatujaketi vizuri. "Shikamoo babu. Babu, uliua watu wangapi?"

Kimya. Jogoo tu. Mjomba akamwangalia, akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Niletee maji." Yule kijana akaenda. Aliporudi mjomba alikunywa taratibu mpaka kikombe kikaisha, akamrudishia, akaanza kusimulia habari ya viatu. Walipewa viatu vya namba ileile wote, yeye mguu mdogo, akajaza majani, na majani yale yakamletea vidonda kutoka Mutukula, mpakani na Uganda, mpaka mbele huko. Swali la kijana hakulijibu, na hakuna aliyelirudia.

Tangu siku hiyo maswali tunayaandaa wiki moja kabla, na yote yanaanzia kwenye kitu. Mlikuwa mnakula nini? Nani alikuwa anapika? Barua ya nyumbani ilichukua muda gani, na nani alikusomea? Una kitu chochote ulichorudi nacho? Hili la mwisho ndilo ufunguo. Mjomba aliingia ndani akatoka na kopo la Blue Band lililoshika kutu, akalifungua kwa kijiko. Ndani yake mlikuwa na medali mbili zimefungwa kwenye kipande cha khanga, kitambulisho ambacho sura yake imeliwa na unyevu, na kifungo kimoja cha shati. Medali alizipitisha mkono kwa mkono. Kifungo hakukitoa kiganjani mwake. Kilikuwa cha mwenzake.

Hakuna makumbusho ya ndege duniani yenye kitu kinachomzidi kile kifungo kwa kuwanyamazisha watoto arobaini.

Lakini nisiupambe mkeka kupita kiasi, una shida zake na baadhi zilitupata. Rekodi ya kikao cha pili ilipotea yote, simu ya mwenzetu ilijaa ikafutwa na mtoto wake ili apate nafasi ya michezo. Sasa tunarekodi kwa simu mbili na jioni ileile tunahamishia kwenye memori kadi. Mzee mmoja msemaji atakula muda wa wote, kwa hiyo kaa na mmoja mmoja, wengine wawe na chai. Akichomwa na jambo anahamia Kimakonde, au Kimakua, au Kiyao, na usimkatize arudi kwenye Kiswahili, mweke mjukuu wake jirani atafsiri baadaye. Yapo mambo ya jeshi ambayo hatayasema hata umpe ng'ombe, na hapaswi. Na jiandae kwa pensheni. Katika kila kikao lazima mmoja atauliza lini atalipwa kitu fulani, ukijibu kwa kuzungukazunguka atadhani wewe ni mtu wa serikali uliyetumwa. Mwambie mapema: sisi ni shule, baba, hatuna fungu.

Watoto wadogo wanasinzia. Chini ya darasa la tano usiwalete kwenye mkeka zaidi ya nusu saa.

Safari

Kuna na njia ya nne ambayo mwenzangu hakuitaja, naipitia haraka. Mwaka 2005 huko Ohio, Marekani, ndege ndogo 6 ziliwabeba wazee 12 wa Vita Kuu ya Pili hadi karibu na Washington wakauone mnara wao uliokuwa umefunguliwa mwaka uliotangulia. Wazo lile limekua likawa shughuli ya nchi nzima. Kwetu ndege yake ni Coaster: wachukue wazee wa Masasi na Nachingwea, pale Nachingwea ambako Frelimo walikuwa na kambi yao ya mafunzo, walete Naliendele siku ya kawaida isiyo ya sherehe, wawasalimie wenzao bila spika. Ni nzuri kuliko gwaride kwa maoni yangu. Ila ni ghali, na wazee wa umri huo wana sukari, wana presha, wanahitaji kusimama kila baada ya muda. Usiianze kama huna mtu wa afya ndani ya gari.

Kwa hiyo?

Ukiwa na watoto wengi wa msingi na mzee mmoja tu mwenye afya dhaifu, anza na ndege: kamba ya mita 226, ramani ya Rufiji, basi. Mzee mlete mwishoni aseme maneno matano na wamwamkie. Ukiwa na ofisi kubwa nyuma yako na unataka wilaya nzima ione, mnara. Ukiwa kama mwenzangu, wazee sita, wanafunzi wa sekondari, na mfuko mwepesi, usibabaike: mkeka, na uuweke Juni kabla salfa haijapamba moto, au ungoje Januari korosho zikishauzwa na wazee wana nafasi ya kukaa. Ndege ichomeke humo kama kionjo cha asubuhi, wakati chai inachemka. Mnarani wapeleke baada ya mkeka, isiwe kabla. Watoto waliokwisha kusikia habari ya kifungo wanausoma mnara kwa macho mengine.

Nilimwambia hivyo. Akanyamaza kidogo kwenye simu, nikadhani mtandao umekata.

"Mwalimu, kati ya hao sita," akasema, "mmoja hasikii vizuri na mmoja ameanza kusahau."

"Basi anza na huyo anayesahau," nikamwambia. "Wiki hii. Maswali utayaandaa njiani."